Shajara ya breki za Datsun 240Z, Mbeya: kalipa za Hilux, masta silinda ile ile

Gari ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, usukani kulia, injini ya L24 ya silinda sita. Uzito wake ni kilo elfu moja na kidogo. Likibeba watu wawili, tangi limejaa na mizigo nyuma, tunalihesabu kuwa kilo 1,250. Liko Mbeya mjini, na karibu kila njia inayotoka hapa ina mteremko wake: Iwambi kwenda Mbalizi, Kawetire ukirudi kutoka Chunya, na ule mrefu wa Uyole, Tukuyu hadi Kyela. Watu wa Iringa wana Kitonga moja. Sisi tumezungukwa na Kitonga.

Aina hii ya gari ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, kwa hiyo hakuna wa kuliita gari dhaifu. Ila breki zake zilichorwa kwa gari jepesi lenye tairi nyembamba, na la kwetu lina zaidi ya miaka hamsini. Lengo ni lishuke mlima mrefu likiwa limebeba, pedali ibaki pale pale, na kila kinachochakaa upesi kipatikane soko la Mwanjelwa bila kuagiza nje.

Kabla ya kufungua nati yoyote

Tulianza kwa kupima. Ukifungua kwanza, baadaye hutajua ulichoboresha na ulichoharibu.

Diski za mbele zina kipenyo cha mm 271 na hazina matundu ya hewa katikati. Zikiwa mpya zina unene wa mm 12.5, na kikomo ni 10.5. Ya kushoto ilisoma 11.1 na ya kulia 10.7. Ya kulia haifai kuchongwa tena: ukiipitisha kwenye lathe mara moja tu, iko chini ya kikomo. Kalipa (vibanio vya diski) za asili zina pistoni mbili, moja kila upande, kipenyo mm 53.97. Nyuma kuna ngoma za aluminiamu zenye pete ya chuma ndani, mm 228.6, kikomo 230. Silinda za magurudumu ya nyuma ni mm 22.22, na masta silinda, pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali, nayo ni mm 22.22, yaani inchi 7/8.

Pedali ikikanyagwa kwa nguvu injini ikiwa inanguruma, ilibaki mm 95 juu ya sakafu.

Kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka ni vakyumu (mvuto wa hewa) ya busta, kopo linaloongezea mguu nguvu. Tulichomeka geji kwenye mpira wa busta, injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), ikasoma inchi 14 za zebaki. Injini hiyo hiyo ikiwa Dar es Salaam ingesoma 19 hivi. Injini si mbovu. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya nje yenyewe ni nyepesi kwa asilimia 18 hivi, na busta hufanya kazi kwa tofauti kati ya hewa ya nje na vakyumu ya ndani. Ikipungua tofauti hiyo, msaada wa busta unapungua kwa karibu robo. Kumbuka namba hii, maana ndiyo iliyotuamulia suala la masta silinda huko mbele.

Hesabu ya joto

Gari la kilo 1,250 likishuka mita 100 za wima, nishati inayotakiwa kumezwa ni megajuli 1.23. Tuseme breki za mbele zinabeba asilimia 70. Ukanda wa diski unaoguswa na pedi una chuma cha kilo 3.4 hivi, kwa hiyo mbili ni kilo 6.8. Kama injini haisaidii na upepo haupozi, diski zinapanda nyuzi 275 za Selsiasi kwa kila mita 100 za mteremko. Kutoka Kawetire hadi mjini unashuka zaidi ya mita 600.

Bila shaka injini husaidia na upepo hupoza, la sivyo magari yote yangeishia makorongoni. Ila hesabu inaonyesha jambo ambalo watu hulisahau wanaponunua kalipa kubwa: kalipa haimezi joto, diski ndiyo inayomeza. Ukifunga kalipa yenye pistoni nne juu ya diski ile ile, umeongeza nguvu ya kubana na eneo la pedi. Uwezo wa kubeba joto haujabadilika hata kidogo.

Kwa hiyo tumeigawa kazi mara mbili. Awamu ya kwanza ni kalipa na kurudisha mfumo wote katika afya. Awamu ya pili ni diski zenye matundu ya hewa. Shajara hii ni ya awamu ya kwanza.

Kalipa

Kalipa za Toyota Hilux 4x4 za 1979 hadi 1985 zinakaa kwenye miguu ya mbele (nguzo za springi) ya 240Z kwa bolti mbili bila kutengeneza breketi. Tafuta maandishi S12+8 yaliyotokeza kwenye chuma chenyewe. Usikubali zenye maandishi S12W kwa kazi hii. Hizo zina pengo pana kwa ajili ya diski nene yenye matundu, na ukizifunga kwenye diski ya mm 12.5 pistoni zitatoka mbali mno. Pedi zikishaisha nusu, pistoni inaweza kuvuka sili (raba inayozuia mafuta) na mafuta yote kumwagika. Dukani zinafanana sana, kwa hiyo soma maandishi, usiangalie umbo.

Za mtumba huja na kutu, na hilo si tatizo mradi kutu haijala kuta za pistoni. Hatua zetu:

Pistoni zilitolewa kwa upepo wa kompresa kidogo kidogo, kipande cha mbao kikiwa katikati ili zisirukiane. Zinazotoka mapema zizuie kwa klempu, usubiri zile ngumu. Usiweke vidole humo. Bolti zinazounganisha nusu mbili za kalipa hatukuzigusa: katikati yake kuna kisili kidogo cha njia ya mafuta ambacho hakimo kwenye paketi nyingi za raba, na ukishakivuruga utavujisha bila kujua kunatoka wapi.

Pistoni mbili kati ya nane zilikuwa na vishimo kwenye kromu, tukazitupa. Kishimo hakisuguliwi kwa msasa. Ukisugua umeondoa kromu yote, na kutu itarudi ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Kazi kubwa iko kwenye mfereji wa sili. Sili ya mraba ndiyo inayorudisha pistoni ukiachia pedali: inajipinda pistoni ikisonga mbele, kisha inajinyoosha na kuivuta nyuma kidogo sana. Kutu ikijaa nyuma ya sili, sili inaibana pistoni, pistoni hairudi, pedi inaendelea kugusa diski, na gurudumu linachemka hata kwenye tambarare. Mifereji yote minane tuliikwangua kwa kijiti cha shaba hadi chuma kikaonekana. Kuosha ni kwa spiriti au mafuta mapya ya breki. Petroli, dizeli na oili ya injini huvimbisha raba hizi, na raba iliyovimba hairudi.

Vernia (rula ya kupimia kipenyo) ilisoma pistoni karibu mm 43. Pima za kwako, kisha piga hesabu ya upande mmoja tu wa kalipa. Ya asili: pistoni moja ya 53.97 ni sentimita za mraba 22.9. Pistoni mbili za mm 38.2 zingetoa eneo hilo hilo. Mbili za mm 43 zinatoa 29.0, yaani asilimia 27 zaidi. Kwa shinikizo lile lile, kalipa inabana kwa asilimia 27 zaidi, na kwa upande mwingine inadai mafuta zaidi kutoka kwenye masta silinda.

Habu na diski

Diski mpya ziliagizwa. Ni hizo hizo zilizotumika 240Z, 260Z na 280Z. Diski hufungwa nyuma ya habu (kitovu cha gurudumu) kwa bolti nne, kwa hiyo habu lazima itoke, na ikitoka badilisha grisi na uzikague beringi.

Uso wa habu unaogusana na diski ulisuguliwa kwa brashi ya waya hadi ukang'aa. Ganda la kutu lisiloonekana kwa jicho huiyumbisha diski, na diski inayoyumba huzisukuma pedi nyuma, ndipo pedali ya kwanza ikawa ndefu na ya pili ikawa sawa. Bolti za diski tulikaza kwa Nm 45 (Nm, nyutoni-mita, ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Geji ya saa ilisoma myumbo wa mm 0.18 upande wa kulia. Tukaifungua diski, tukaizungusha tundu moja, tukafunga tena: 0.07. Kikomo tulichojiwekea ni 0.1. Kabla ya kukimbilia lathe, zungusha kwanza.

Nati ya beringi hukazwa kwa Nm 25 hadi 29 huku habu ikizungushwa, kisha inarudishwa nyuzi 60 na kufungwa kwa pini mpya.

Bati la vumbi nyuma ya diski linagongana na kalipa hii. Wengi hulitupa lote. Sisi tulikata kwa mkasi wa bati sehemu inayogusa tu, tukapaka rangi kingo na kuacha iliyobaki, kwa sababu vumbi na kokoto za barabara za ndani za Mbarali na Chunya hula diski kama msasa. Bolti za kalipa zilikazwa kwa Nm 80.

Rimu ni za chuma, inchi 14. Pengo kati ya kalipa na rimu ni mm 4. Pima kwa plastisini ukiwa umezungusha gurudumu mzunguko mzima, na uangalie risasi za balansi: moja ilikuwa upande wa ndani kabisa, ingegonga. Tulihamishia risasi upande wa nje.

Bomba fupi la chuma kutoka kwenye mpira hadi kalipa lazima litengenezwe upya. Bomba la mm 4.75, nati M10 yenye uzi wa mm 1.0, mdomo uliokunjwa mara mbili. Mdomo wa kukunja mara moja hupasuka. Bomba la shaba la friji si la breki kabisa, japo linapindika vizuri mkononi. Shinikizo humu huvuka bar 70 ukikanyaga kwa hofu.

Nyuma: ngoma zilibaki

Tumeulizwa mbona hatuweki diski nyuma. Ukishuka mlima uzito unahamia mbele, na breki ya nyuma hufanya sehemu ndogo ya kazi. Ngoma nzima inatosha. Tatizo ni kwamba ngoma nyingi za 240Z si nzima.

Kuitoa: ina matundu mawili yenye uzi wa M8. Ingiza bolti mbili, kaza kwa zamu robo raundi, itajisukuma yenyewe. Ukipiga nyundo ukingoni, aluminiamu inavunjika, na ngoma nyingine haipatikani mjini hapa.

Ndani, silinda ya gurudumu imeundwa iteleze kwenye bati la nyuma, ndiyo maana brekishuu zote mbili zinasukumwa kwa silinda yenye pistoni upande mmoja. Ya kushoto ilikuwa imeganda kwa kutu: shuu moja ilikuwa imechakaa hadi ribiti, ya pili kama mpya. Tulisafisha njia ya kuteleza na kupaka grisi nyembamba ya joto. Mtambo wa kujirekebisha unaendeshwa na handibreki nao ulikuwa umekwama pande zote. Gari ambalo halipigwi handibreki halijirekebishi nyuma, na pedali inashuka mwezi hadi mwezi. Mwenye gari asitegemee gia peke yake akiegesha.

Masta silinda: kwa nini hatukuibadilisha

Ushauri unaozunguka ni kwamba ukifunga kalipa hizi weka masta silinda ya inchi 15/16, ile ya 280ZX, ili pedali isiwe ndefu. Kwa mtu wa usawa wa bahari ni ushauri mzuri. Hapa tuliupima upya.

Inchi 7/8 ina eneo la sentimita za mraba 3.88, inchi 15/16 ina 4.45. Kwa nguvu ile ile ya mguu, shinikizo linapungua asilimia 13 kila mahali. Busta imeshapoteza karibu robo ya msaada wake kwa sababu ya mwinuko. Ukijumlisha hasara hizo mbili, faida ya kalipa mbele inabaki kidogo, na nyuma, ambako hatukuongeza kitu, breki inakuwa dhaifu kuliko ilivyotoka kiwandani. Kwa 7/8, ile asilimia 27 ya kalipa inakuja kufidia alichokichukua mwinuko. Gharama yake ni pedali kushuka zaidi, na hilo linavumilika mradi breki za nyuma zimerekebishwa na upepo umetoka wote.

Masta silinda ilipata raba mpya tu. Angalia herufi F na R kwenye chupa zake, usifuate mahali ilipokaa: mpangilio ulibadilika kati ya matoleo ya mwanzo na ya baadaye. Ukipishanisha mabomba, upande wenye valvu ya kubakiza shinikizo kwa ajili ya ngoma unaenda kwenye diski, na diski hazitaachia.

Busta ilituletea kazi ya siku nzima. Baada ya kufunga, breki zilishika ghafla kama swichi: ukigusa pedali kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, gari linasimama wima. Mtu angedhani ni ubora wa kalipa mpya. Ndani ya busta, mbele ya fimbo inayosukuma masta silinda, kuna kidonge cha raba kinachokaa mwisho wa tundu, na kazi yake ni kuurudishia mguu hisia ya nguvu. Fimbo ikivutwa ovyo, kidonge kinaanguka ndani, na busta inatoa msaada wote kwa mkupuo. Toa masta silinda, chomoa fimbo, mulika tochi: ukiona chuma badala ya raba nyeusi, kimeanguka. Tulikipata kwa kuigeuza busta na kuitikisa, tukakipaka grisi ya silikoni na kukirudisha kwa kijiti. Tangu hapo fimbo haichomolewi bila sababu.

Urefu wa fimbo nao uangaliwe. Ikiwa ndefu mno, pistoni ya masta silinda hairudi mwisho, kitundu cha kurudishia mafuta hakifunguki, na breki zinajikaza zenyewe kadiri zinavyopata joto. Fungua vifuniko vya chupa, mwenzako aguse pedali taratibu: mafuta yakitibuka kidogo mwanzoni kabisa, kitundu kiko wazi.

Kutoa upepo

Nipeli za kalipa (vibolti vya kutolea upepo) lazima ziwe juu. Zikiwa chini, umefunga ya kushoto kulia, na upepo hautatoka hata ukikanyaga hadi jioni.

Tulianza na gurudumu la mbali: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mmoja anakanyaga taratibu na kushikilia, mwingine anafungua nipeli robo raundi, anafunga kabla pedali haijaachiwa. Usikanyage hadi sakafuni kwenye masta silinda kuukuu: raba inapita sehemu ya kutu ambayo haijawahi kuifikia na inakatika. Weka kipande cha mbao cha mm 40 chini ya pedali.

Yalitumika mafuta ya DOT 4, mililita 900. Mapya huchemka kwa nyuzi 230 au zaidi, yakishavuta unyevu kikomo ni 155. DOT 3 ni 205 na 140. Kwa gari linaloshinda mvua ya Tukuyu, badilisha kila mwaka hata kama rangi bado ni safi.

Pedali ya kwanza: mm 55 juu ya sakafu. Haikubaliki. Baada ya kurekebisha brekishuu hadi zikwaruze kidogo, kuzigonga kalipa kwa nyundo ya raba na kutoa upepo tena: mm 82. Ni mm 13 chini ya zamani, na ngumu kama jiwe.

Barabarani

Pedi zilizoeshwa alfajiri kwenye tambarare ya kuelekea Chimala kabla malori ya Tunduma hayajajaa: mara kumi kutoka kilomita 60 hadi 10 kwa saa bila kusimama kabisa, kisha kilomita 10 bila kugusa breki. Ukisimama na pedi ya moto juu ya diski, inaacha alama, na alama hiyo utaisikia mguuni kila siku.

Kipimo cha kufunga magurudumu, lami kavu, kilomita 50 kwa saa: ya mbele yanafunga kwanza, ya nyuma hayafungi. Ndivyo inavyotakiwa. Ya nyuma yakitangulia, usiliendeshe gari hadi ujue sababu.

Kisha Kawetire hadi mjini, kilo 1,250, joto likisomwa kwa kipimajoto cha mwanga mara tu gari linaposimama. Kabla ya kazi, gia ya nne: diski nyuzi 330, pedali imelegea, harufu kali. Baada ya kazi, gia ile ile, mwendo ule ule: 305, pedali haijasogea. Gia ya tatu: 210 kushoto, 220 kulia.

Kushuka kwa nyuzi 25 kumetokana na diski mpya kuwa nene zaidi na pedi kutokuburuza tena, wala si kalipa. Gia moja ya chini ilifanya karibu mara nne ya hapo bila gharama yoyote. Kwa pedali na nguvu ya kubana, kalipa zimelipa kila saa tuliyozipa.

Kilichobaki

Awamu ya pili ni S12W pamoja na diski zenye matundu za Nissan 300ZX. Zinahitaji spesa (kipande cha kujaza nafasi) kati ya habu na diski, na itachongwa kwa aluminiamu ngumu na fundi wa lathe baada ya diski kufika mkononi, kwa sababu kina cha kofia ya diski ndicho kinachoamua unene wake. Pengo la mm 4 kwenye rimu litapimwa upya kabla spesa haijakatwa. Likipungua chini ya mm 3, rimu za inchi 15 zitatangulia. Wakati tunasubiri, bomba la hewa la mm 63 kutoka chini ya bampa hadi nyuma ya diski ya kulia ndilo linafuata, upande mmoja tu, ili joto la kulia lilinganishwe na la kushoto kwenye mteremko ule ule.